Kona ya Mwisho
Kocha wa riadha wa chuo hakuwahi kusimama penye utepe wa kumalizia mbio. Mahali pake palikuwa kona ya mwisho, pale miguu inapomkana mkimbiaji, akitafuna mbegu za alizeti katika upepo wa Nebraska. Washindi aliwaacha wapite, sauti yake ya mikwaruzo aliwawekea wa nyuma: "Legeza mabega!" Siku ya mashindano yake ya mwisho kabla ya kustaafu, wakuu wa chuo walimngoja jukwaani na keki ya kumuaga, kipaza sauti kikimwita. Twyla, mkimbiaji wake aliyebaki mkiani peke yake, akaingia kona akilia.

"Kocha, wanakuita! Nenda bwana!"

"Keki wataila wenyewe," kocha akasema, akichechemea nyasini sambamba naye kwa goti lake bovu. "Legeza mabega, binti. Hatujamaliza."