Chetezo Mlangoni pa Choo

Hasira zangu naanzia kwa mume wangu, kwa sababu ndiye aliye karibu. Bwana huyu anavuta sigara barazani kwetu hapa Dunda, Bagamoyo, mguu juu ya mguu, pakiti imetuna kwenye mfuko wa shati. Kila apitaye njiani anampa shikamoo, naye anaitikia marahaba huku moshi ukimtoka puani. Hakuna aliyewahi kumwambia neno. Ramadhani ikifika imamu humkemea kidogo, wanacheka, yameisha. Mimi nami nimevuta sigara miaka kumi na tisa, na zote, tangu ile ya kwanza niliyoichomoa kwenye pakiti yake hiyohiyo, nimezivutia chooni.

Choo chetu kiko uani, nyuma ya jiko. Nilikuwa na utaratibu wangu. Naweka makaa mawili kwenye chetezo, natia kipande cha udi, nakiacha chetezo mlangoni. Moshi wa udi ukishapanda, naingia, natia komeo, nawasha sigara. Nikitoka napiga mswaki, natafuna karafuu, naufukiza mtandio wangu, narudi kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Kwa utaratibu huo nikapata sifa. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye kauli yake katika ukoo haipingwi, alikuwa akiwaleta mabinti wanaokaribia kuolewa waje waone nyumba ya mwanamke anayeujua usafi. Huyu hata choo chake kinanukia, aliwaambia. Nami nilikuwa nasimama pale, mwalimu mzima, napokea sifa zisizo zangu na kuwakaribisha chai.

Mwanzoni mwa mwaka huu binti yangu akapiga simu kutoka kwa mumewe, Ubena. Ana mimba ya kwanza, atakuja kujifungulia kwangu na kukaa arobaini, kama desturi ilivyo. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Binti huyu utotoni alikohoa sana. Nilimsugua kifua kwa mafuta ya nazi na karafuu, nikampeleka hospitali, nikamlaumu baba yake kwa moshi wake, halafu nikaenda uani kuvuta. Mtu anayefanya hivyo anajijua. Nikajiapiza kwamba mjukuu hatapakatwa na mikono inayonuka tumbaku, na hatakohoa kwa ajili yangu. Nikaacha. Siku ya nne nikamfokea kila aliyekuwa mbele yangu, ya tano nikarudi chooni.

Daktari mmoja wa Dar es Salaam, aliyekuwa ananipima kifua, ndiye aliyenieleza habari ya mashine. Alisema ipo kliniki ya binafsi ambako wanakuvisha kofia yenye nyaya za sumaku, nayo inapeleka mapigo kupita kwenye fuvu hadi sehemu ya ubongo iliyoshikwa na ulevi wa sigara. Hakuna kisu, hakuna sindano, unakaa kitini macho wazi. Unakwenda kila siku ya kazi kwa wiki tatu, halafu mara moja kwa wiki kwa muda. Likizo ya Juni ilikuwa inakaribia. Nikakubali.

Nyumbani nikasema nakwenda kutibiwa kipandauso. Wifi akauliza ni hospitali gani, nikamjibu ni ya kichwa tu. Kufika Ijumaa, kuanzia Dunda hadi Mbegani kwa mdogo wangu, habari zilikuwa zimeenea kwamba mwalimu amepata wazimu. Watu wakaja kunijulia hali, wakiongea taratibu kama unavyoongea na mtoto. Nikaletewa maji ya kombe, yale ya aya zilizooshwa sahanini, nikayanywa huku nimenuna. Sikukanusha. Wazimu ulikuwa na heshima kuliko sigara, na jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Kliniki ilikuwa safi na baridi. Msichana aliyeendesha mashine, mwenye umri wa binti yangu, alinipa shikamoo akaniomba nivue vyuma vyote: pini za mtandio, hereni, vibanio vya nywele. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulitarajia. Kabla mashine haijaanza, hamu ya sigara lazima iamshwe, kwa sababu mapigo yanatakiwa yaikute iko macho. Ikiwa imelala, kazi inakuwa ndogo. Kwa hiyo akaniuliza navutia wapi, wakati gani, na pembeni yangu kunakuwa na nini.

Nilishindwa kutamka choo. Mbele ya msichana anayeniita mama, nitamke choo? Nikamwambia navutia barazani, baada ya kahawa, naangalia watu wanavyopita. Nikampa maisha ya mume wangu. Akayaandika.

Basi kwa wiki mbili nikaonyeshwa picha za baraza. Nikashikishwa sigara na kiberiti, nikanusishwa kahawa, nikaambiwa nifumbe macho nione jioni nimekaa na rafiki zangu. Sijawahi kukaa na rafiki na sigara hata siku moja. Akiuliza hamu imefika ngapi kati ya kumi, najibu saba, kwa sababu saba ilionekana ni namba ya mwanafunzi mwenye bidii. Kisha kofia inashuka, mashine inagonga, ko-ko-ko-ko, kama ndege kigogota amekosea mti, inanyamaza, inagonga tena. Taya linanicheza. Namaliza, nabandika pini zangu, narudi Bagamoyo, natia makaa kwenye chetezo.

Ijumaa ya wiki ya pili daktari wa pale alitazama karatasi zangu akasema mashine inasaidia, lakini na mgonjwa awe na nia. Nilimjibu vibaya. Nilimuuliza kama yeye angeamka kabla ya alfajiri wiki mbili mfululizo kusafiri kwenda kugongwa kichwa pasipo nia. Nikatoka nikakaa kwenye viti vya nje, nikiamini wamenila mchana kweupe.

Hapo akapita mama mmoja anayetoka arusini, au anayekwenda, sijui. Buibui lake lilikuwa limefukizwa udi. Alinipita tu. Mate yakanijaa mdomoni, kifua kikabana, na nilipojitazama, mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba unatafuta kiberiti. Kwa wiki mbili walinishikisha sigara nzima, nisisikie kitu. Buibui la mtu limenipita hatua tatu, nimekuwa hivi.

Nikarudi ndani, nikamkuta yule msichana anafuta kiti. Nikamwambia yote: choo, komeo, makaa, udi, miaka kumi na tisa. Nilisema haraka huku nikitazama sakafu. Hakucheka. Alivuta stuli akakaa, akafikiri.

"Mama," akasema, "wiki mbili tumekuwa tukibisha hodi nyumba ya jirani."

Nilitaka kumtandika kibao. Kisha nikajua kibao kile ni cha nani. Mficha uchi hazai. Nimelisikia neno hilo tangu mtoto, nikalifundisha darasani pamoja na maana yake, na mimi mwenyewe nimekwenda kwa tabibu nikiwa nimejifunika gubigubi.

Jumatatu nilikwenda na kopo langu la udi. Makaa walikataa, ilikuwa haki yao, kwa hiyo tukafungua kopo tu. Nikanusa, nikafumba macho, nikakiona choo changu, ndoo ya maji, mwanga unaopita juu ya mlango. Hamu ikanijia mpaka machozi. Akauliza ngapi, nikamwambia asiniulize, awashe. Mashine ikagonga. Tukaenda hivyo, akaniongezea siku za kufidia zile zilizopotea, na mwisho wa mwezi nilikuwa nimepitisha siku tisa bila sigara, bila kumfokea mtu zaidi ya kawaida yangu. Alinionya jambo moja: kwa sasa nisikae chumba kimoja na udi unaowaka. Nikakivunja chetezo changu kwa mchi.

Mjukuu alizaliwa Agosti, wa kike. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa kitandani kwa binti yangu, nimempakata mtoto, harufu ikaanza kuingia kutoka ukumbini. Wifi alikuwa amefika na wanawake watatu wa ukoo, mkononi ana chetezo chake kinachofuka, anakuja kumfukiza mzazi na nguo za mtoto, na alikusudia kufanya hivyo siku zote arobaini. Mate yakanijaa. Nikamrudishia binti mtoto wake nikaenda kusimama mlangoni.

Wifi akasema nimpishe. Nikamwambia chetezo hakiingii. Akatabasamu, akawageukia wenzake, akasema nyumba hii ndiyo iliyofundisha watu kufukiza, leo imekuwaje. Nikamwona anawakonyeza, maana yake ni ule wazimu.

"Mimi ni mvutaji wa sigara, wifi," nikasema. "Nimevuta miaka kumi na tisa, kwenye choo kile ulichokuwa ukiwaonyesha wari. Udi ndio unaoniita. Hauingii humu."

Akasema astaghfirullah. Akasema Mungu alikuwa amenisitiri, vipi najivua nguo mwenyewe mbele ya watu. Mume wangu alikuwa amesimama ukumbini nyuma yao, sigara yake kaishika vidoleni, imewaka. Akaongea kwa upole, kama anayenidai shukrani.

"Mimi si nimekusitiri miaka yote? Udi ulikuwa unauleta nani?"

Ni kweli. Kopo langu halikuwahi kukauka. Kila akitoka Kariakoo alileta udi pamoja na sukari na betri za redio, bila kuagizwa, na mimi niliona ni mapenzi. Kumbe alijua. Hakuniambia acha, hakuniambia njoo tuvute wote barazani, hakuacha yeye. Aliniletea udi. Nimekaa na mtu huyu ndoa nzima, na siku ile ningekuwa na ule mchi mkononi sijui ningeupiga wapi. Nilimwambia atoke na sigara yake, naye wifi atoke na chetezo chake. Walitoka wote, wakakimwagia maji uani.

Nilirudi chumbani. Binti yangu alikuwa ananyonyesha, ameinamisha uso.

"Mama, ile mashine ni siku ngapi?"

Nikadhani ananiulizia mimi. Nikaanza kumweleza habari ya wiki tatu, na pini, na kigogota. Akanikatiza.

"Nilipojua nina mimba niliacha. Naogopa nitarudia," akasema. "Kwangu pia ninacho chetezo, mama. Mlangoni pa choo."

Sikumuuliza amejifunza wapi. Utoto wake wote alikuwa akicheza mdako pale uani, hatua nne kutoka mlango ule, akinisubiri nitoke.

Hasira niliyokuwa nayo kwa baba yake na shangazi yake haijaisha, lakini sehemu kubwa imehamia kwangu, na ninaistahili. Arobaini inaisha Jumatano. Alhamisi tunakwenda Dar es Salaam, mimi, yeye na mtoto. Wifi ameshaanza kuuliza tunakwenda hospitali gani. Safari hii nimemtajia na ugonjwa.