Faili Moja, Makanisa Mawili

Ukisikia kuna mwanamke aliyewakaripia padri na mchungaji kwa mpigo, mchana kweupe, nao wakanywea kama watoto wa chekechea, usibishe. Ni Mama Wino, mchapaji wa ratiba za ibada, mwenye kiduka chembamba ambamo ukitaka kugeuka sharti uombe mashine ikupishe.

Siku hiyo alikuwa amefura. Dada yake yuko mochari siku ya tano. Marehemu alibatizwa kwa padri, akaolewa kwa mchungaji, na sasa kila mmoja anamdai ni wake. Mazishi yamekwama.

"Wale hawaabudu, mama," mchungaji alimwambia. "Wanasoma karatasi tu."

"Wale ni kelele tupu, mwanangu," padri naye akasema. "Hakuna utaratibu."

Mama Wino akauma meno. Utaratibu aliujua kuliko wao. Miaka kumi na tisa, makanisa yote mawili yalikaa kwenye faili moja la kompyuta yake: kukusanyika, toba, masomo, mahubiri, maombi, Baba Yetu, baraka. Akimaliza la huku anafuta jina la juu, anaandika la kule, anabadilisha nyimbo, anakunywa chai. Hakuna aliyewahi kushtuka.

Akachapa ratiba ya mazishi ya dada yake bila jina la kanisa, akawapelekea wote. Mchungaji akajibu, "Hapo sawa, hii ndiyo yetu." Padri akajibu vivyo hivyo, ila alisogeza mkato mmoja, asionekane amekaa bure.

Akawaita dukani, akaziweka nakala zao mezani bega kwa bega. "Someni. Kwa sauti."

Wakasoma. Padri akakohoa.

"Siku tano," Mama Wino alisema, na sauti haikupanda, ndiyo maana ilitisha. "Dada yangu anaganda kama samaki kwa sababu ya jina la juu. Padri, utasoma. Mchungaji, utahubiri. Asiyetaka abaki kwake, nitaongoza mwenyewe. Karatasi ninayo."

Wakaja wote. Kaburini, kwenye Baba Yetu, padri aliishia kwenye "utuopoe maovuni" kama kwao walivyozoea, mchungaji akaendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako". Mama Wino akamgeukia padri kwa jicho kali kama kisu chake cha kukatia karatasi. Padri akaudaka ufalme katikati, akaumalizia na wenzake.

Jumamosi walimletea kazi ya Jumapili, kana kwamba hakuna kilichotokea. Akafungua faili lilelile, akachapa, na mahali pa jina la kanisa akapaacha patupu.

Waandike wenyewe kwa kalamu.