Dakika Tano za Mama Sidonie

Mama Sidonie wa Misiera, kijiji cha kambi ya wakimbizi nchini Uganda, haanzi jambo bila kuomba, na akiomba, jamani, anaomba! Ni shemasi wa kanisa, haoni tangu augue surua utotoni kule Kivu Kusini, na masweta ya shule anayofuma kwa mkono yanavaliwa mpaka kijiji cha Juru. Basi chuo kimoja cha mji wa Mbarara kikatangaza nafasi za kujifunza kufuma kwa mashine. Aliitamani nafasi hiyo kweli kweli, maana vidole vimeanza kufa ganzi, na bila mashine kazi itamponyoka. Kujiandikisha ni kwenye tovuti tu, mwisho Ijumaa.

Simu yake humsomea kwa sauti kila anachogusa. Alifungua fomu kwanza, kisha akaiombea, kwa sababu nani huombea chakula ambacho hakijapakuliwa? Alipofika amina, fomu ilishajifunga. Kesho yake akafupisha: akaacha wagonjwa na wasafiri, akabakiza wajane. Wapi! Ikajifunga tena.

Ijumaa asubuhi akatua Mbarara, fimbo mkononi, akaomba apelekwe kwa aliyeitengeneza hiyo tovuti. Ndiye Aloys, fundi wa kompyuta wa chuo, mtu mpole mwenye majibu ya haraka.

"Mama, fomu inakaa dakika tano. Mimi najaza kwa mbili," Aloys alisema. "Shida ni maombi yako. Iko marefu sana."

"Basi leo siombi," Mama Sidonie akajibu, na mwenyewe akashtuka kujisikia.

Akaanza bila hata "Bwana asifiwe". Simu ikasoma: kitufe. Kitufe. Kitufe. Cha nini, haikusema, maana Aloys alivichora vikapendeza akasahau kuvipa majina. Mama hajafika hata kwenye mwaka wa kuzaliwa, fomu ikajifunga bila kuaga.

Akavua kitambaa cha shingoni, akampa Aloys pamoja na simu. "Mutoto yangu, jifunge macho. Sasa ni weye."

Aloys akajifunga huku anacheka. Kicheko hakikufika mbali. Gusa hapa, kitufe. Gusa pale, kitufe. Mara amerudi mwanzo. Dakika tano zikaisha hajaandika hata jina lake.

"Lakini nani alitengeneza kitu hii?" akafoka.

Ofisi nzima ikavunjika mbavu. Aloys akafungua kitambaa, akaketi kwenye kompyuta, na chakula cha mchana hakukiona.

Alasiri akamwita mama ajaribu tena. Mama Sidonie akafungua fomu, akainamisha kichwa, akaomba maombi yake yote: wagonjwa, wasafiri, na mzazi aliyemzaa Aloys. Alipowafikia wajane, simu ikamkatiza: "Muda unakaribia kwisha. Unahitaji muda zaidi?"

Akainua kichwa. Tangu akimbilie Uganda, ofisi ngapi zimemwambia afanye haraka, asogee, arudi kesho! Hakuna hata moja iliyowahi kumuuliza hivyo.

"Ndiyo, baba, nahitaji," akaijibu simu huku machozi yanamtoka, akabonyeza, akaendelea na wajane palepale alipoishia. Aloys alisimama kando yake, macho ameyafumba, safari hii bila kitambaa.

Baada ya amina mama akajaza mwenyewe, kila kitufe kikimtajia kazi yake. "Umesajiliwa," simu ikasema.

Aloys akashusha pumzi, akatafuta funguo zake aende nyumbani. Maskini! Mama Sidonie alikuwa ameshainamisha kichwa, anaanza maombi ya shukrani.