Kamba ya Mama Pascasie na Matete ya Lukuga

Ni asubuhi ya Salongo, siku ya kazi ya pamoja, mapanga yako mabegani mwa watu, na Mama Pascasie anafunga mafundo kwenye kamba kuukuu ya wavu. Kila fundo lina mtoto wake.

"Shikeni! Mumoja akiachilia, wote tunatoka majini."

Watoto wanacheka. Yeye hacheki. Macho yako kwenye matete.

Hapa Kalemie, mto Lukuga unapotoka ziwani, Mama Pascasie anakausha samaki, kazi aliyoachiwa na mama yake kule Mpala. Zamani alijaza beseni kumi kwa siku. Sasa akipata tatu anashukuru Mungu.

Mambo yaliharibika Salongo moja ya miaka iliyopita. Watu wa kartie, mtaa wao, walifyeka matete ya upande wa pili, wakafagia pwani kama ua wa harusi, wakasifiwa. Msimu uliofuata vitoto vya samaki havikuonekana tena pale. Ndipo akaanza kuingiza watoto majini, wajionee wenyewe kinachoishi kwenye matete yaliyobaki.

Leo amri ya shefu wa kartie ni kuyafyeka hayo nayo. Mamba ameonekana, na watoto wanachota maji papo hapo. Kabla hayajakatwa, Mama Pascasie anawaingiza watoto mara moja tena.

"Mama, vinanitekenya miguu!" anapiga kelele Denise, mtoto wa jirani, kiganja kimejaa visamaki.

"Hivyo njo mboga yako ya kesho. Rudisha pole pole."

Kutoka kwenye mtumbwi wake, mvuvi Papa Grégoire anamchokoza: "Pascasie, unafundisha watoto ao unalisha mamba?"

"Akitaka nyama kavu, ataanza na wewe, Papa!"

Pwani nzima inaangua kicheko. Lakini Mama Pascasie anaikaza kamba mkononi. "Nikikata, hawa watakula nini?" anauliza kwa sauti ya chini. "Nikiacha, mamba akabeba mutoto wa watu, nitamwambia nini mama yake?"

Matete yanatikisika.

"Tokeni!" Anaivuta kamba kwa nguvu zote. Watoto wanajikwaa, wanamwagika mchangani. Fundo moja liko tupu.

"Denise! Denise, we!"

Papa Grégoire anaruka majini na kasia. Kitu kinachomoka mateteni, kinakimbilia mawe: kenge, mnene kama paja. Nyuma yake anatokea Denise, amelowa mpaka nywele.

"Ulisema nivirudishe pole pole," anasema.

Mama Pascasie hampigi. Anapiga magoti mchangani, anamkagua mikono na miguu.

Hapo ndipo anapofika shefu wa kartie. "Sitwayeni Pascasie, matete bado yamesimama?"

"Shefu, tukate pale pa kuchotea maji tu. Tusimike miti majini, tufunge ua, mamba asipite. Mengine tuyaachie samaki."

Shefu anamtazama Denise anayetiririka maji, kisha matete. "Salongo ijayo. Nisipoona ua, yanakwenda yote."

"Miti nitaleta na mtumbwi," anasema Papa Grégoire, safari hii bila mzaha.

Kamba ya kufungia hawana. Mama Pascasie anaangalia ile ya mafundo, anaikunja, anaiweka kichwani. Hiyo ndiyo itakayofunga miti. Mpaka ua usimame, hakuna mtoto atakayekanyaga maji, na ua ukisimama atatafuta kamba nyingine, ndefu zaidi.

"Na visamaki vyangu?" Denise anauliza.

"Viko mule ndani, vinakungojea."

Anamshika mkono, anaupanda mchanga naye. Kila hatua chache anageuka kutazama matete.