Matofali ya Stesheni

Nilipokuwa mtoto, kimji chetu kule Katanga kilikuwa na majivuno yaliyozidi ukubwa wake. Barabara moja, kanisa, baa iliyofungwa, na stesheni ya reli ambayo walowezi wa Kibelgiji waliijenga kana kwamba mfalme wao angeshuka hapo kila Jumapili. Hakushuka hata siku moja. Pale walipotaka kujenga walikuta kichuguu kirefu kuliko nyumba, ambamo wenyeji walikuwa wakizika machifu wao. Udongo wa kichuguu hutoa matofali mazuri, basi wakakibomoa, mifupa na yote, wakachoma matofali. Huo ndio ustaarabu waliotuletea.

Walipoondoka waling'oa hata mabati. Treni ikawa inapita bila kusimama, ikijisikia, na watu wakaanza kubeba kuta. Baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli na aliyevaa kofia yake ya kazi hata akienda chooni, alibeba matofali ya kututosha vyumba viwili. Nyanya, mama yake, alikataa kuhamia.

"Ile matofari ni ya bafu," alisema, yaani ya wafu. "Mutu mwenye atalala mule hatakaa. Atatoka na bitu ku kichwa."

"Mama, shiye tuko bantu ya reli," Baba alimjibu, akidhani kwamba sisi kuwa watu wa reli ni jibu.

Mimi niliogopa. Nilivuta mkeka wangu katikati ya chumba, mbali na ukuta. Nyanya alibaki kwenye kibanda chake cha nyasi.

Kisha vita vikaja. Mji mzima tulikimbilia stesheni kungoja treni, mvua ikitunyeshea, hatuna hata pa kujibanza. Kuta tulikuwa tumeziacha nyumbani. Treni haikuja. Tuliondoka kwa miguu, Baba akiwa na godoro kichwani, juu ya ile kofia. Nyanya aliutazama ule mzigo kichwani, akatangulia.

Sasa nashona nguo huku ng'ambo, hapa La Rochelle, kwenye chumba cha kupanga. Majuzi aliingia mzee wa Kizungu aliyetaka suruali ipunguzwe. Aliposikia ninakotoka alifurahi mno, kumbe alizaliwa kimji kile kile. Kiswahili chake ni cha kumwamrisha mpishi: leta, pima, mbio. Alinionyesha picha ya stesheni kwenye simu, machozi yakimlengalenga. Nilimdharau kwa yale machozi.

"Kule hakukuwa kitu," alisema. "Pori tu. Baba yangu njo alijenga. Unajua ile gare, ile stesheni?"

"Naijua," nilimwambia, pini zikiwa mdomoni. "Nimelala ndani yake."

Hakuelewa, nami sikuona sababu ya kumfafanulia. Naye anapanga chumba, mtaa wa pili kutoka hapa. Zamani nilidhani Nyanya alimwonya Baba peke yake, lakini naona kichuguu hakikuchagua: kimewatoa waliokibomoa, kimetutoa na sisi tuliolala ndani ya udongo wake. Maneno ya huyu mzee huitwa historia, na ya Nyanya huitwa ushirikina. Ila kati yao wawili, ni Nyanya tu aliyewakumbuka wafu.