Shikamoo Iliyochelewa

Asmahani binti Yahaya alinyang'anywa mwaka mzima wa maisha yake kwa sababu hakusema shikamoo. Tuliseme hivyo hivyo, bila kulipamba, maana wengi wamekwisha kulipamba: wapo wanaodai alikosa adabu, wapo wanaodai alipewa nafasi ya kujirekebisha akaikataa. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, binti wa fundi magodoro wa mtaa wa Ng'ambo, na kosa lake lilikuwa kumpita mgonjwa mmoja ili amfikie mwingine.

Katika wodi ya wanawake aliyopangiwa kujifunza palikuwa na desturi ambayo hakuna kitabu kilichoifundisha. Mwanafunzi akiingia asubuhi alianza kwa kumwamkia mgonjwa mwenye umri mkubwa kuliko wote, akashuka hivyo hadi kwa aliye mdogo. Na kwa kuwa mikono hufuata mdomo, aliyeamkiwa kwanza ndiye aliyepimwa kwanza, akaoshwa kwanza, akasikilizwa kwanza. Darasani Mwalimu Wenceslaus alifundisha mpangilio mwingine: njia ya hewa, pumzi, damu, kisha fahamu; maumivu na starehe vingefuata baadaye. "Anayepiga kelele anapumua," alizoea kusema. "Mtafuteni aliyenyamaza." Wanafunzi waliandika, wakafaulu mtihani, kisha wakaenda wodini wakaanza kwa bibi.

Bibi wa msimu ule alikuwa Jenabai, mjane wa mwenye duka la vitambaa mjini, aliyevunjika nyonga. Shikamoo yake haikuwa neno, ilikuwa baraza. Ukimwamkia aliitikia marahaba, akauliza habari za baba, za sufi ya kujazia magodoro, za mvua, akaomba mto uinuliwe, ushushwe, uinuliwe tena. Asmahani alimpenda kwa hayo yote.

Asubuhi ile vyandarua vilikuwa bado havijafungwa. Mwanga ulipenya madirishani ukiwa mwembamba kama maziwa yaliyotiwa maji, na vitanda vikaonekana kama kambi ya msafara kabla ya kuondoka, hema jeupe kando ya hema jeupe. Mbali ililia honi ya treni iliyokuwa ikiingia kutoka Kaliua. Asmahani alisimama mlangoni, nusu yake ikiwa bado usingizini, akawaona wapagazi ambao baba yake huwasimulia huku akishindilia sufi: Wanyamwezi walioshuka pwani na pembe mabegani. Baba alisema aliyenung'unika njiani hakuachwa, kwa kuwa manung'uniko yake hayakuwatoka wenzake masikioni. Aliyeachwa ni yule aliyekaa kimya kando ya njia, akadhaniwa anapumzika, hata msafara ukavuka mbuga.

"Binti Yahaya," Jenabai aliita. "Leo umeazima miguu ya kobe? Njoo, mto huu unaninyonga."

Miguu ilikwisha kuanza kumwelekea. Ndipo macho yakatua kwenye chandarua cha pembeni, cha Zamda, mama kijana aliyeletwa kutoka Kaliua kwa malaria kali. Tangu jana yake alikuwa akiweweseka; sasa alikuwa ametulia tuli.

"Mwache, mwanangu," jirani yake alinong'ona. "Ndiyo kwanza kapata usingizi."

Asmahani alimpita Jenabai bila neno, akainua chandarua. Usingizi ule ulikuwa na jasho. Shuka lilikuwa limelowa, ngozi ilikuwa baridi kama mtungi, na pumzi ilikoroma kooni. Alimwita jina, akamfinya bega, Zamda hakuitika. Akamlaza ubavu, akamwinua kidevu ili hewa ipite, akaita, "Sista Bernadeta, Zamda haamki."

Sista, ambaye ndiye msimamizi wa wodi, alikuja mbio na kipimo. Sukari mwilini ilikuwa imeshuka mno. Bernadeta alimtia dawa ya sukari mshipani, taratibu, kisha wote wawili wakangoja kama watu walio ukingoni wakimtazama mwenzao akivuka maji kurudi kwao. Kope zikatikisika. Zamda akauliza ni nani aliyemfunika na wingu.

Mchana Aftab, mwana wa Jenabai, ambaye ndiye aliyekuwa akiichangia wodi mashuka, alisikia kwamba mama yake amepitwa kama kiti. Jua halijatua, Asmahani alikwisha kuitwa.

"Umeokoa mtu, sikatai," Bernadeta alisema. "Lakini neno moja ukiwa unapita lingekupunguzia nini?"

"Shikamoo ya Bibi haisemwi kwa kupita, Sista. Ningesimama."

"Basi omba radhi, na uahidi hutampita mkubwa tena. Ukiahidi, kesho uko kazini. Usipoahidi, mazoezi yako yameishia hapa."

Radhi aliomba. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaamkia, na Jenabai akamwacha magotini kitambo.

"Marahaba. Chai yangu ilipoa."

"Najua, Bibi. Nisamehe."

"Na yule wa pembeni?"

"Amekunywa uji."

"Mh." Jenabai aligeuza uso ukutani. "Mimi nilitaka mto tu. Hayo mengine ni ya Aftab."

Ahadi hakuitoa. Alisema hawezi kuahidi jambo ambalo huenda akalazimika kulivunja kesho yake, na asipolivunja mtu afe. Waliomhukumu walikuwa wamesoma mpangilio ule ule wa hewa na pumzi, tena kwa miaka mingi kuliko yeye. Waliujua, na bado wakachagua mashuka. Alirudia mwaka. Kabla ya kurejea chuoni alikaa Ng'ambo akishona foronya na baba yake, na mara nyingine, sindano ikiwa mkononi, aliona vyandarua vikipepea uani mahali pasipokuwa na kitanda, akasimama kusikiliza kama kuna anayepumua.

Adhabu yake haijafutwa, wala hakuna aliyemwomba radhi. Mwalimu Wenceslaus alikipeleka kisa chake katika kila kikao cha chuo mpaka wakachoka kumkatalia. Tangu tarehe 4 Machi 2024, wanafunzi wa chuo kile wakiingia wodini hupita kwanza vitanda vyote, wakitazama vifua na kugusa mikono. Wakishamaliza, ndipo huanza kuamkia.