Mtafsiri Aliyempa Mzimu Sauti ya Jirani

Saa tatu asubuhi, mtafsiri wa filamu anaegemeza godoro mlangoni, anafunika dirisha kwa blanketi kuzuia kelele za nje, kisha anakaa mbele ya kompyuta. Kwenye skrini, mlango wa nyumba ya zamani unafunguka polepole. Hakuna aliyeusukuma. Kipaza sauti kiko wazi, naye amenyamaza.

"Zamani hapa ningepiga domo," anasema.

Kwa miaka kumi na moja ametia Kiswahili katika filamu za kigeni, sauti zote akizitoa mwenyewe: mzee, mtoto, polisi. Filamu za mizimu ndizo zilizompa sifa, hata mtaani wanamwita Kaburi.

Anazieleza kama fundi. "Uzuri wake ni kile usichokiona. Ukisikia nyayo tu juu ya dari, unajitisha mwenyewe. Ubaya wake, mwishoni wanamtoa mzimu hadharani, kapakwa unga, anasimulia alivyokufa. Watu wanacheka."

"Na wako anaongea kuliko redio!" mkewe anadakia kutoka jikoni.

Kaburi anatabasamu, kisha anainamisha kichwa. Kuna ubaya mwingine alichelewa kuuona: mzimu karibu kila mara ni mwanamke mzee anayeishi peke yake.

Miaka miwili iliyopita alikosa sauti ya kumpa mzimu kama huyo. Akaazima ya jirani yake, mshonaji mjane: ukwaruzo wake, kikohozi chake, hata alivyowaita watoto waliokuja kushonewa sare za shule, "Njoo mwanangu, nikupime." Watazamaji walifurahi. Nakala zikasambaa kwenye simu.

Haikupita wiki, watoto wakawa wanapita mbio mlangoni kwake wakipiga kelele, "Nikupime!" Hakuna aliyekubali tena kuingia kupimwa. Mama zao wakatafuta fundi mwingine.

"Alikuja, akasimama pale," Kaburi anaonyesha kizingiti. "Hakugomba. Aliniuliza, 'Baba, mimi nilikukosea nini?' Nikamjibu, mzaha tu, mama. Mzaha! Mwezi ule ule akafunga nyumba, akahamia kwa binti yake."

Maji yakimwagika hayazoleki, na nakala zile hazikusanyiki. Hata hivyo anairekodi upya filamu nzima. Safari hii mzimu hasemi neno.

"Inatisha zaidi," anasema kwa sauti ya chini. "Kumbe haikuhitaji sauti yake hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma."

Juzi alimpigia simu mjane, akaomba kumpelekea filamu mpya, akamsihi arudi nyumbani kwake.

"Sitaki picha," mama alimjibu. "Wale watoto bado wapo hapo. Waambie wewe."

Jumamosi, Kaburi na mkewe watapita nyumba kwa nyumba, zote thelathini na mbili za mtaa. Hajui kama mama atarudi. Maneno ya kusema anayo, machache.

"Nitawaita watoto waje karibu," anasema. "Nitakohoa mbele yao kile kikohozi, wanione mdomo, wajue mzimu nilikuwa mimi."